Hedifoni za Mgongo Wazi Chini ya Paa la Mabati

Taksi ilikuwa imetoka Bombo ikielekea Kampala, abiria kumi na wanne tumebanana, nami nimevaa hedifoni nilizonunua mtumba siku mbili kabla. Nikafumba macho, nikazama kwenye magitaa ya Kikongo. Hatujafika Kawempe, mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka, akanigusa goti.

"Mwanangu, ongeza kidogo. Huo wimbo tuliucheza harusini kwangu."

Taksi nzima ikaangua kicheko. Kumbe tangu Bombo nilikuwa redio ya abiria wote.

Nilikuwa nimenunua hedifoni za mgongo wazi bila kujua kama kuna kitu cha namna hiyo. Muuzaji aliniambia tu, "Ssebo, hizi ni za studio," nami neno studio likanitosha. Tangu siku hiyo rafiki zangu huniuliza zipi zina sauti nzuri zaidi, za mgongo wazi au za kuziba, na kila mara naanza kwa kuwauliza wanalala wapi, wanasafiri vipi na ukuta wa chumba chao una unene gani. Wanadhani nawakwepa, lakini jibu liko hapohapo.

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna spika ndogo, na ndani ya spika mna kiwambo, utando mwembamba unaotikiswa na umeme wa muziki. Kiwambo tunakijua kutoka kwenye ngoma, na tabia yake ni ileile. Ngozi ya ngoma ikipigwa husukuma hewa pande zote mbili, nje na ndani. Kiwambo cha hedifoni nacho kikisogea kuelekea sikio, hewa ya upande wa sikio inasongwa, na wakati huohuo ya mgongoni inavutwa. Ina maana kila wimbo unatoka mara mbili: mmoja unakuja kwako, na pacha wake aliyepinduliwa anaelekea nje. Pacha huyo ndiye anayewagawa watengenezaji. Wengine humfungia ndani ya kikombe kigumu. Wengine huweka wavu mgongoni mwa kikombe na kumwacha aende zake.

Ukimfungia, faida ya kwanza ni besi. Wimbi la sauti ya hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, ile inayotikisa kifua, lina urefu wa karibu mita 7. Haliwezi kutanda ndani ya kikombe chenye kina cha sentimita 4. Kinachotokea ni hewa kusongwa na kuachiliwa, kama pampu ya baiskeli uliyoziba mdomo kwa kidole gumba. Nafasi ndogo kati ya kiwambo na sikio, ikiwa imezibwa vizuri na mito, inageuza msukumo mdogo kuwa shinikizo kubwa. Ndiyo maana hedifoni ndogo inaweza kukupa besi ambayo spika ya kawaida ingehitaji sanduku kubwa kuitoa.

Gharama yake iko kwenye sauti za juu. Sauti yenye wimbi fupi haikubali kutulia ndani ya kikombe. Inagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Kwa kikombe cha sentimita 4, safari ya kwenda na kurudi ni sentimita 8, na hilo ndilo wimbi la karibu hezi 4,300. Eneo hilo lina mambo mengi: herufi kama "s" na "sh" za mwimbaji huanza kupanda hapo, tuazi za ngoma za kizungu zinalia hapo na juu yake, na mchakacho wa ensaasi, manyanga ya Baganda, vilevile. Pacha aliyerudi akigongana na wimbo halisi, baadhi ya sauti zinavimba na nyingine zinafifia. Watengenezaji hujaza sponji na kitambaa ndani ya kikombe, hupindisha kuta, huacha vitundu vidogo vya kupumulia. Wanaofanya hivyo kwa uangalifu wanafanikiwa sana. Wasiojali wanakuuzia sauti inayosikika kama mtu anayeimba ndani ya ndoo.

Kuna jambo kuhusu za kuziba ambalo sijaona maboksi yake yakilitaja, na kwetu lina uzito. Besi ile yote inategemea mto kukaa vizuri kichwani. Pakiwa na upenyo mdogo tu, shinikizo linavuja, na besi ndiyo inayoondoka kwanza. Sasa hesabu vichwa vya Kampala: mwenye rasta, mwenye misuko minene, mwenye miwani, mwenye hijabu au kilemba. Dada yangu aliwahi kunirudishia hedifoni za kuziba akisema mbovu, hazina besi. Alikuwa amesukwa wiki hiyo. Mkono wa miwani nao unafungua mfereji mwembamba juu ya sikio, mdogo kuuona, mkubwa kuusikia. Dawa ni mito minene na laini inayofuata umbo la kichwa, na kuzijaribu ukiwa na kichwa chako cha siku zote, bila kuvua kitu dukani ambacho nyumbani hukivui.

Za mgongo wazi zilianza kuuzwa kwa umaarufu mwaka 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilipotoa HD 414, nyepesi, yenye mito ya sponji. Kabla ya hapo hedifoni zilikuwa mizigo ya kichwani, zimefungwa kila upande. HD 414 iliuzwa kwa mamilioni, na watu wakashangaa jinsi sauti ilivyoonekana kutoka hewani badala ya kutoka ndani ya fuvu.

Hiyo ndiyo sifa inayotajwa kila mahali, kwamba za wazi zina uwanja mpana, yaani muziki unasikika umetanda kukuzunguka. Ina ukweli, na pia imetiwa chumvi. Ukisikiliza spika mbili sebuleni, kila sikio linasikia spika zote mbili pamoja na kuta. Ukivaa hedifoni, sikio la kulia linasikia upande wa kulia tu, na ubongo, ukikosa dalili za chumba, unaamua kwamba wanamuziki wamekaa katikati ya masikio yako. Hedifoni za wazi haziondoi tatizo hilo. Zinalipunguza kwa sababu mbili: hakuna pacha anayerudi kutoka ukutani kuchafua sauti za juu, na masikio yako yanaendelea kukisikia chumba ulichomo. Ubongo ukijua bado uko chumbani, unakubali kirahisi zaidi kwamba magitaa nayo yako chumbani.

Muziki wa Lingala ni mtihani mzuri. Bendi kubwa za Kikongo zilipanga magitaa kwa ngazi: rithimu chini, mi-solo katikati, solo juu, na besi ikitembea chini ya yote. Wakati wa sebene, sehemu ya kucheza ambapo magitaa hutawala, magitaa matatu yanasukana kama ukili. Kwenye hedifoni za kuziba za bei ndogo nasikia mkeka. Kwenye za wazi nzuri naweza kufuata ukili mmoja mmoja na kujua unapita wapi.

Mfano wa nyumbani kabisa ni amadinda, marimba ya Baganda yenye mbao 12. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Mmoja, omunazi, anaanza. Mwenzake, omwawuzi, anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya wa kwanza, na wa tatu, omukoonezi, anashughulika na mbao mbili za juu tu. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyejifunza kwa mpigaji mashuhuri Evaristo Muyinda hapa Uganda, aliandika sana kuhusu ajabu moja ya muziki huu: msikilizaji husikia tuni ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Zinazaliwa sikioni kutokana na mapigo kuingiliana. Rekodi ya kisasa iliyowaweka wapigaji kushoto na kulia, ukiisikiliza kwenye hedifoni zenye sauti za juu safi, inakuwezesha kumfuata mmoja, kisha mwingine, kisha kuwaachia wote wawili na kuisikia ile tuni ya tatu ikijitokeza. Nimepoteza usiku mzima kwa mchezo huo.

Lakini tuwe wakweli kuhusu rekodi zenyewe. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi wanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1950 na 1952, kabla ya ikulu ya Mengo kushambuliwa mwaka 1966 na ala nyingi za kifalme kupotea. Ni hazina, na ziko kwenye mono: sauti moja kwa masikio yote mawili. Nyimbo nyingi za zamani za kadongo kamu, mtindo wetu wa mwimbaji na gitaa lake, na za redio ni hivyohivyo. Katika mono hakuna kushoto wala kulia, na hedifoni haiwezi kuupanua uwanja ambao mrekodi hakuuweka. Mtu mwenye maktaba ya namna hiyo anayelipia uwanja mpana analipa bure, ingawa uwazi wa sauti ya mwimbaji na gitaa lake moja bado ataufaidi.

Besi nayo inadai haki yake. Hedifoni nyingi za wazi za kiwambo cha kawaida huanza kuteremka chini ya hezi 100 hivi, kwa sababu pacha aliyeachiliwa mgongoni anazunguka kupitia mito inayopumua na kuufuta wimbo wa mbele. Wimbi refu hufutika kirahisi kuliko fupi. Gitaa la besi bado unalisikia, lakini ule mgongo wa dansi, mshindo ambao DJ anautegemea, unakuja umekonda. Zipo hedifoni za wazi zenye kiwambo kipana cha bapa, kinachosukumwa na sumaku eneo lake lote, na hizo hushuka chini vizuri. Bei yao nayo hupanda vizuri. Anayesikiliza dancehall na nyimbo za klabu kwa sehemu kubwa ya siku yake sioni sababu ya kumhangaisha na za wazi.

Hadi hapa nimeongea kama mtu anayeishi penye ukimya. Kampala haina ukimya wa bure. Kuna spika za kanisa la uamsho upande mmoja, kafunda, kibaa cha mtaani, upande wa pili, boda chini ya dirisha, na mvua ikishuka kwenye mabati hata mtu uliyekaa naye mezani humsikii. Hedifoni za wazi zinaruhusu hewa kupita, na kelele ni hewa inayotikisika. Ukizivaa, zinakukinga kidogo sana, karibu na sifuri. Na kelele haikai pembeni ya muziki kwa adabu. Inaufunika. Sauti ndogo, yaani pumzi ya mwimbaji, kidole kinapoteleza kwenye waya, mkia wa mwangwi, hizo ndizo zinazomezwa kwanza. Na hizo ndizo ulizolipia uliponunua za wazi. Kwa hiyo hedifoni za wazi zilizo bora sana, ndani ya taksi, zinakupa muziki wenye undani mdogo kuliko za kuziba za bei ya kati. Hili watu wananibishia mpaka walijaribu wenyewe.

Kinachofuata ni mkono kwenda kwenye sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki bila hofu kubwa, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Yaani desibeli 83 ni saa 20, na 86 ni saa 10. Chukulia kelele ndani ya taksi ni desibeli 75, na wewe unataka muziki uipite kwa kutosha. Umefika 86 kabla hujatosheka. Ukipoteza saa moja kwenye foleni asubuhi na moja jioni, siku tano, umezimaliza saa zako 10, na wikendi haijafika. Hedifoni za kuziba zikipunguza desibeli 15 za kelele hiyo, unaweza kusikiliza kwa 70 au 75 na kusikia kila kitu. Masikio hayakui upya kama kucha, na kwangu hoja hii inapita hoja zote za uwanja mpana.

Za kuziba nazo zina mpaka wake. Zinazuia vizuri sauti za juu na za kati: mazungumzo, honi, kelele za sahani. Mngurumo wa chini unapenya. Jenereta ndogo ya petroli ya kawaida, ili itoe umeme wa hezi 50, huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na mngurumo wake unaanzia chini ya hezi 50. Kikombe cha plastiki hakiusumbui hata kidogo. Hapo ndipo hedifoni za kuzima kelele zinapostahili bei yake. Zina maikrofoni inayosikiliza kelele na kutoa kinyume chake, ule mchezo wa pacha aliyepinduliwa ukitumika sasa kwa faida yako, na zina nguvu zaidi hasa kwenye sauti za chini. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alianza kulifikiria jambo hilo akiwa ndani ya ndege mwaka 1978. Sisi tungelifikiria siku umeme ulipokatika na jirani akawasha jenereta. Juu ya mvua ya mabati usitarajie muujiza. Mvua ni kelele ya masafa yote kwa pamoja, na zuri la kufanya ni kungoja iishe.

Kuvuja kwenda nje nimeshakuhadithia. Niongeze tu kwamba wengi wetu tunaishi kwenye mizigo, na hapa msomaji wa Mombasa asidhani nazungumzia mabegi. Ndivyo Kampala tunavyoviita vyumba vya kupanga vilivyopangwa safu moja, ukuta wa mmoja ndio ukuta wa mwenzake. Majirani kupitia ukuta wa tofali hawatasikia hedifoni zako, lakini mtu aliyelala kitanda kimoja nawe atasikia kila kitu, tena atasikia sehemu mbaya: pacha mwembamba asiye na besi, tsi-tsi-tsi mpaka alfajiri. Mke wangu alivumilia siku tatu.

Kuhusu umeme wa kuziendesha nitapita haraka. Ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyoupinga umeme, unapimwa kwa omu, na simu hutoa volti ndogo. Sennheiser HD 600, hedifoni ya wazi iliyotoka mwaka 1997 na ambayo bado inatukuzwa, ina omu 300. Ichomeke kwenye simu na utapata sauti ya mtu anayenong'ona, mpaka ununue amplifaya. Beyerdynamic DT 770, ya kuziba, imeuzwa kwa omu 32, 80 na 250, umbo lilelile, na muuzaji asiyejua atakupa yoyote. Kwa simu, tafuta 32 au karibu yake. Hedifoni za Bluetooth zina amplifaya yake ndani na huhitaji kufikiria haya, ila karibu zote ni za kuziba. Anayetaka za wazi ajiandae kwa waya, na kama simu yake haina tundu la jeki, ajiandae kwa adapta pia.

Utakutana pia na zinazoitwa nusu wazi. Zinavuja kama za wazi na zinaziba kidogo tu. Kwa suala la taksi na kitanda, zihesabu kuwa za wazi.

Joto linasahaulika. Mito ya ngozi ya bandia kwenye hedifoni za kuziba inatunza jasho, na mtu wa Arua au Gulu mwezi Februari atalihisi kabla ya wimbo wa tatu. Baada ya mwaka mmoja au miwili ngozi hiyo huanza kubanduka vipande vyeusi shingoni. Za wazi nyingi zina mito ya kitambaa na hewa inapita, unaweza kukaa nazo saa nyingi. Lakini wavu wao unakaribisha vumbi, na vumbi letu jekundu halibagui. Unywele mmoja ukipenya na kugusa kiwambo, unasikia mkwaruzo kwenye kila besi na unadhani spika imepasuka. Zifunike na kitambaa ukimaliza.

Kama ni pea yako ya kwanza na unaishi mjini, nunua za kuziba, na usione umekosa kitu. Za wazi ni za mtu mwenye saa yake ya ukimya na mahali pa kuipitishia. Mimi saa yangu ni kati ya saa tisa za usiku na adhana ya alfajiri, sebuleni, mlango wa chumba umefungwa. Za kuziba ndizo zinazopanda taksi. Shemeji yangu aliyehamia shambani nje ya Jinja ana za wazi peke yake, na kelele kubwa ya kwake ni majogoo.

Dukani usiamini boksi. Wavu wa mapambo unabandikwa kwenye hedifoni za kuziba kila siku, na majina makubwa yanaandikwa juu ya plastiki yoyote. Zivae, weka wimbo unaoujua, kisha funika vikombe kwa viganja kutoka nje. Za wazi zitabadilika papo hapo, sauti itasinyaa na kuwa ya ndani. Za kuziba hazitabadilika chochote cha maana. Halafu zivue, zikumbatishe kwenye kifua chako zikiwa zinacheza, umuulize muuzaji kama anasikia. Akitaja jina la wimbo, unajua umeshika nini.